Kigandishi cha rezini kwenye joto la Lubumbashi: kukihifadhi, kukipima na kukichanganya bila kuwasha moto

Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka, jua la Lubumbashi hufikisha nyuzi 32 au 33 kivulini. Ndani ya kontena la chuma lililofungwa, au chumba cha bati kisicho na dari, kipimajoto kinaweza kupita 50 mchana huohuo. Na ni humohumo, kwenye rafu ya juu karibu na bati, ndimo garaji nyingi huweka chupa nyeupe ya plastiki yenye kigandishi cha rezini (dawa inayoifanya rezini, plastiki ya majimaji, iwe ngumu), kile ambacho lebo inakiita durcisseur. Mwongozo huu ni wa fundi wa bodi za magari, wa anayetandika nyuzi za glasi kwenye matangi ya asidi ya migodini, na wa mwenye duka anayewauzia wote wawili.

Kwanza ujue ulichonunua, maana kuna vitu viwili tofauti na vyote vinaitwa durcisseur. Kile cha maji, kisicho na rangi, kinachokwenda na rezini ya poliesta na nyuzi za glasi, ni peroksidi ya metili etili ketoni. Kwenye chupa utaona PMEC au MEKP. Haiuzwi ikiwa safi: chupani huwa ni asilimia 30 hadi 40 hivi, na kinachobaki ni kimiminika cha kuituliza. Kile cha mrija, kizito kama dawa ya meno, mara nyingi chekundu, kinachokwenda na mastiki ya bodi (uji mzito wa kujazia mibonyeo ya gari), ni peroksidi ya benzoili, karibu nusu kwa nusu na kitulizaji chake. Rangi nyekundu imewekwa ili uone kama umechanganya sawasawa. Vyote viwili ni peroksidi za kikaboni, na kibandiko chake cha hatari ni mraba uliosimama kwenye pembe yake, wenye nyekundu juu, njano chini, mwali wa moto na namba 5.2. Usivichanganye hivyo viwili, wala usibadilishe kimoja kwa kingine: kila kimoja kina kiharakishi chake, yaani kinachokisukuma kivunjike upesi ndani ya rezini, na rezini inayongojea MEKP haitaganda vizuri kwa kile cha mrija.

Kwa nini kinajichemsha chenyewe

Ndani ya kila molekuli ya peroksidi kuna oksijeni mbili zilizoshikana, na mshikamano wao ni dhaifu. Kuuvunja kunahitaji kilojuli 150 hadi 200 hivi kwa moli, wakati kaboni na kaboni zinahitaji karibu 350. Ukivunjika, vinatoka vipande vinavyodaka chochote kilicho jirani. Ndani ya rezini vipande hivyo vinaanzisha minyororo inayoigandisha, na hiyo ndiyo kazi uliyoilipia. Ndani ya chupa havina rezini ya kudaka, kwa hiyo vinaishambulia peroksidi yenyewe, na kila uvunjikaji unatoa joto.

Joto hilo lina njia moja tu ya kutoka: kupitia ukuta wa chupa kwenda hewani. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Joto linalotoka hupanda taratibu, kwa kadiri chupa inavyoizidi hewa. Joto linalozaliwa ndani halipandi taratibu: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya kuvunjika inazidishwa mara mbili, mara tatu au zaidi. Kwa hiyo kuna kiwango cha joto ambacho, ukikivuka, kinachozaliwa kinakizidi kinachotoka, na kuanzia hapo chupa haihitaji tena jua. Inaendelea yenyewe, mwanzo polepole, pengine kwa saa nyingi au siku kadhaa, kisha ghafla: ukungu mweupe, gesi, kifuniko kuruka, moto.

Kiwango hicho kimeandikwa kwenye karatasi ya usalama ya bidhaa. Karatasi za Kifaransa zinaandika TDAA, zile zinazopanda kutoka Afrika Kusini zinaandika SADT. Maana yake ni joto la chini kabisa la hewa ambalo, likikaa kwa siku 7 au pungufu, kifurushi cha kilo 50 kinaanza kujichochea. Kwa MEKP ya dukani ni karibu nyuzi 60; kwa peroksidi ya benzoili ya mrija ni karibu 50. Sasa rudi kwenye lile kontena la mwezi wa kumi, uone nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi gani.

Usiisome namba hiyo kama ruhusa ya kukaribia. Imepimwa kwa bidhaa safi, kwenye kifurushi cha ukubwa fulani. Kifurushi kikiwa kikubwa zaidi, au chupa nyingi zikibanana kwenye sanduku lililofunikwa turubai, joto linakosa pa kutokea na kiwango kinashuka, kama mahindi mabichi yaliyofungiwa guniani yanavyopata moto katikati kuliko pembeni. Uchafu nao unakishusha, na hapo hata nyuzi 25 hazikulindi.

Kuna namba nyingine inayowapotosha hata wasomi. Vitabu vinasema peroksidi ya benzoili hupungua nusu kwa saa 10 ikiwa kwenye nyuzi 73. Mtu anasoma hivyo anasema, basi kwenye 50 sina shida. Namba hiyo ilipimwa kwenye myeyusho mwepesi, ambako kiyeyusho kinalimeza joto lote linalozaliwa. Haikuandikwa kwa ajili ya rundo la mirija ndani ya katoni. Kwa kuhifadhi, TDAA ndiyo ya kufuata, na ukae mbali nayo: chini ya nyuzi 25 ni vizuri, 30 ndiyo mwisho.

Kama unadhani mambo haya ni ya mafundi wasio na vifaa, angalia Crosby, Texas, mwezi wa nane mwaka 2017. Mafuriko ya kimbunga Harvey yaliukata umeme wa kiwanda cha Arkema, majenereta yakazama, na peroksidi zilizohitaji kukaa kwenye baridi kali zikapata joto ndani ya matrela zikawaka zenyewe. Watu waliokaa ndani ya kilomita 2.4 walikuwa wamehamishwa. Aina zile zinahitaji friji, za garaji hazihitaji, lakini zote zinavunjika kwa njia moja.

Kuhifadhi

Kuhifadhi kunaanza kabla ya garaji. Mzigo unaopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unaweza kukaa juani ndani ya lori siku kadhaa. Ukipokea katoni, weka mkono juu ya chupa kabla ya kulipa. Chupa iliyovimba, yenye tabaka mbili ndani, yenye viputo vinavyopanda bila kutikiswa, au yenye chembe nyeupe kuzunguka kifuniko, usiipokee. Nunua ya miezi mitatu, si ya mwaka. Kigandishi kilichokaa pazuri hudumu takriban mwaka mmoja toka kitengenezwe. Kilichopikwa na bati hupoteza nguvu mapema, ndipo fundi anaanza kuongeza kipimo bila kujua kwa nini.

Pa kukiweka ni chini, karibu na sakafu, upande wa jengo usiopigwa na jua la mchana, ndani ya sanduku la plastiki au la mbao lililopakwa rangi na lenye matundu ya hewa. Chumba cha matofali kinashinda kontena kwa mbali. Weka kipimajoto cha kawaida hapohapo kando ya chupa na ukisome saa nane mchana, wala si asubuhi. Kisiwe chumba kimoja na asetoni, na hasa kisiwe rafu moja na kiharakishi. Kisikae karibu na mbabula (jiko la makaa), betri inayochajiwa au mashine ya kuchomelea. Friji ya nyumbani hapana: ina chakula, na swichi yake inatoa cheche.

Chupa isimame wima na ibaki na kifuniko ilichokuja nacho. Kifuniko hicho kimetengenezwa kupumua, kwa sababu peroksidi hutoa gesi kidogo kidogo hata ikiwa nzima. Hii ndiyo hatari ya kwanza ya kununua kigandishi kilichomiminwa kwenye chupa ya soda: kifuniko cha soda kinabana kabisa. Ya pili, hakina lebo. Ya tatu, mtoto anakiona ni maji, na maji hayo yanaunguza koo na tumbo. Mwenye duka anayepunguza kigandishi kwenye chupa za soda anawaweka wateja wake hatarini kwa ajili ya faranga chache, na tunamwomba aache. Chupa ndogo za kiwandani zipo.

Vumbi la shaba, kutu na kobalti

Mafundi wa miji mingine wanalisoma onyo la uchafu wakalipita. Lubumbashi haliwezi kupitwa. Kobalti, shaba, chuma na manganizi huivunja peroksidi kwenye joto la kawaida kabisa, na huu ni mji ambao madini hayo yanasafiri kwenye viatu, kwenye magunia na kwenye upepo wa kiangazi. Kijiko cha chuma chenye kutu, koki ya shaba nyeupe, kopo lililokuwa na sampuli ya madini: kimojawapo kinatosha kuanzisha joto ndani ya chupa iliyofunikwa.

Tumia vyombo vya polietilini au glasi tu. Miminia kwenye kikombe kidogo cha kupimia, kisha ufunike chupa papo hapo kabla hujafanya kitu kingine. Kilichobaki kikombeni hakirudi chupani kamwe, hata kiwe kisafi namna gani machoni pako. Na chupa isifunguliwe kwenye meza unayosagia chuma.

Kobalti ya hatari kuliko zote ni ile unayoinunua mwenyewe: kiharakishi, kimiminika cha zambarau kinachouzwa pamoja na rezini. Kikikutana na MEKP bila rezini kati yao, huwaka au hulipuka ndani ya sekunde. Haijalishi ni matone tu. Usivipime kwa siringi moja, usivibebe kwenye ndoo moja, usivifute kwa kitambaa kimoja. Mastiki na rezini nyingine zina kiharakishi chao cha amini badala ya kobalti, na nacho hakitakiwi kukutana na peroksidi ya benzoili peke yao. Asetoni nayo haina kazi ndani ya kigandishi. Anayeiongeza ili kukifanya chepesi anaondoa utulivu ambao kiwanda kiliuweka.

Kupima na kuchanganya

Angalia kwanza kama rezini yako tayari ina kiharakishi. Kopo litaandika préaccélérée, na mara nyingi rezini yenyewe ina rangi ya waridi au zambarau hafifu. Kama imo, usiongeze. Kama haimo, kiharakishi cha kobalti cha asilimia 6 kinaingia gramu 2 hadi 3 kwa kilo ya rezini. Kinaingia peke yake, kinakorogwa dakika mbili nzima mpaka rangi iwe moja kote, ukikwangua pande na chini. Kisha tu ndipo kigandishi kinafuata.

MEKP inaingia asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Kwa kilo moja, asilimia 1.5 ni gramu 15, sawa na mililita 13 hivi kwa kuwa ni nzito kidogo kuliko maji. Kwa nusu kilo, nusu yake. Siringi mpya ya plastiki ya mililita 10 isiyo na sindano inapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Ioshe kwa maji mengi na uitupe baada ya kazi. Koroga dakika mbili kwa kijiti kisafi, polepole, usiingize hewa. Kwenye nyuzi 25 utakuwa na dakika 15 hadi 25 kabla haijaanza kuganda, kwa hiyo changanya unachoweza kutandika kwa dakika 10. Usitandike zaidi ya milimita 3 au 4 kwa mara moja. Ngoja tabaka lipoe ndipo uendelee.

Kwa mastiki, kigandishi cha mrija ni asilimia 2. Donge la ukubwa wa yai la kuku lina gramu 100 hivi, na linataka gramu 2: mstari wenye unene wa milimita 5 na urefu wa sentimita 9. Changanya kwa kukandamiza, si kwa kupiga, hadi michirizi myekundu iishe yote.

Vaa miwani inayofunga pande zote tangu unapofungua chupa, na glavu za nitrili au butili. Miwani ya jua haihesabiki.

Anayetengeneza tangi la asidi kwa rezini ya vinili esta ajue jambo moja zaidi. MEKP ya kawaida ina peroksidi ya haidrojeni kidogo ndani yake, na ikikutana na kobalti kwenye vinili esta inatoa povu. Hakuna moto, lakini viputo vinabaki ndani ya ukuta vikiwa vitundu, na asidi itavipata. Omba MEKP iliyotengenezwa kwa ajili ya vinili esta, au haidroperoksidi ya kumeni kama karatasi ya rezini inavyoelekeza.

Baridi ya mwezi wa saba na tamaa ya kuongeza

Usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi rezini haitaki kuganda. Chini ya nyuzi 15 peroksidi haivunjiki kwa kasi ya kutosha. Fundi anaongeza hadi asilimia 4 au 5, na anapata kazi mbovu: kile kitulizaji cha ziada kinabaki ndani kikilainisha plastiki, minyororo inakuwa mifupi, na kwenye mastiki rangi nyekundu inapanda mpaka juu ya rangi ya gari baada ya wiki. Ukipita asilimia 2.5, hununui ugumu tena.

Kinachotakiwa kupata joto ni rezini na bati la gari, kigandishi kibaki kilivyo. Weka kopo la rezini lililofungwa kwenye beseni la maji vuguvugu hadi lifike nyuzi 20 au 25, na uishie hapo: mvuke wa stirini iliyomo ndani ya rezini unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31. Kwa sababu hiyohiyo mbabula ya makaa isiingie kwenye chumba hicho. Bati liache juani hadi saa nne, kisha uanze.

Oktoba shida ni kinyume. Kopo la kilo likiachwa limechanganywa linaweza kupita nyuzi 150, likapasuka na kutoa moshi. Ukiona linaanza kuwa zito na moto, litoe nje haraka, limwage jembamba juu ya mchanga, au ulimwagie maji juu. Usilitupe kwenye pipa la makaratasi. Vitambaa vyenye rezini au kigandishi viingie kwenye ndoo ya maji, vilale humo hadi siku ya pili, nje ya jengo.

Kikimwagika, kikiingia jichoni, kikiwaka

Kwenye jicho, sekunde zinahesabika. MEKP inaunguza konea na inaweza kupofusha, na madhara mengine hujitokeza baadaye ukidhani umepona. Fungua kope kwa vidole, toa lenzi kama zipo, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza, 30 ni bora, kisha hospitali na lebo mkononi. Usingoje maji ya bomba, maana yanaweza kuwa yamekatika. Mtiririko mzuri wa kuosha macho ni lita 1.5 kwa dakika, yaani lita 22 na nusu kwa dakika 15, kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 haimalizi kazi. Weka mbili zenye koki, kwenye usawa wa kifua, hatua chache kutoka meza ya kuchanganyia, na ubadilishe maji kila wiki. Aliyemeza asitapishwe: asukutue mdomo na apelekwe.

Kikimwagika, funika kwa mchanga safi uliolowanishwa maji. Si maranda ya mbao, si magazeti, si kitambaa: vyote hivyo ni kuni zinazokutana na oksijeni. Zoa kwa koleo la plastiki, weka kwenye ndoo wazi nje kivulini, na usiifunge kwa kifuniko.

Kikiwaka, kumbuka kwamba oksijeni imo ndani yake. Kufunika kwa blanketi au kuzima kwa gesi kunapunguza mwali kwa muda, kisha unarudi kwa sababu joto bado lipo. Dawa ni maji mengi ya kupoza, ukiwa mbali. Kama ni zaidi ya chupa ndogo, toa watu, piga kelele majirani wasikie, na usirudi kuokoa gari. Chupa iliyovimba, yenye joto mkononi au inayotoa ukungu isifunguliwe wala isibebwe. Wewe ndiwe usogee mbali. Ikibidi kuipoza, rushia maji kutoka nyuma ya ukuta, na uendelee hata baada ya ukungu kuisha.

Chupa iliyopita tarehe lakini baridi, safi na isiyovimba, irudishe kwa aliyekuuzia, au uliza kampuni ya mgodi unayoifanyia kazi ikupokelee pamoja na taka zake za kemikali. Isichimbiwe shimo, isichomwe na takataka za ua, isimwagwe kwenye mfereji. Mrija uliobaki robo ukaanza kuwa mkavu na kutoa chembe mdomoni usiukande ili ulainike: peroksidi ya benzoili ikikauka huchukia msuguano. Ulowanishe kwa maji, uuweke kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, na uutoe nje ya garaji siku hiyohiyo.